Nimeongeza prosesa, ripoti ya bakapu ikazidi kuchelewa

Swali: Kaka mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa seva katika hospitali moja hapa Arusha. Tuna programu inayokusanya taarifa za bakapu kutoka seva zetu zote na kutoa ripoti ya asubuhi: ipi imefaulu usiku, ipi imeshindwa. Inakaa kwenye mashine pepe moja ya Linux juu ya VMware ESXi 7 (programu inayogawa seva moja ya kweli kuwa mashine pepe nyingi), hifadhidata ya PostgreSQL na seva ya Java zikiwa humo humo. Zamani ripoti ilichukua dakika 20. Mwaka huu ikafika 30, nikapandisha prosesa pepe kutoka 4 hadi 16, na RAM kutoka GB 16 hadi 32. Sasa inachukua dakika 47. Seva mama zetu, yaani seva za kweli zinazobeba mashine pepe, zina soketi 2 za kore 10 kila moja, RAM GB 256. Nimeambatisha chati na picha za mipangilio. Niongeze nini tena?

Jibu: Ndugu yangu, ahsante kwa kutuma chati pamoja na swali. Wengi huniandikia "seva yangu nzito, nifanyeje?" wakaishia hapo, na kazi inabaki kuwa ya kubahatisha. Wewe umenipa cha kushika.

Usiongeze kitu. Punguza prosesa, sogeza saa za kazi, futa ile snapshoti ya zamani (hali ya diski iliyogandishwa ili uweze kuirudia), kisha iambie PostgreSQL kwamba ina RAM ya kutumia, maana mpaka leo haijui. Mashine yako haina njaa, ina foleni. Kila hatua ya ripoti inasimama mahali ikisubiri, na ulipoongeza prosesa uliirefusha mojawapo ya foleni hizo. Nitakupitisha kwenye foleni moja moja kwa kutumia namba zako mwenyewe, kwa sababu ripoti hii si pambo la kikao. Ndiyo inayokuambia kwamba bakapu ya kumbukumbu za wagonjwa imeshindwa, ili uirudie kabla dirisha la mapokezi halijafunguliwa. Ikichelewa, mapokezi yanaanza kuandikisha watu wakati nakala salama ya mwisho ni ya juzi.

Tuanze na chati ya CPU Ready. Imesimama kwenye 38,400. Hizo ni milisekunde, na chati ya muda halisi ya vCenter, programu ya kusimamia seva za ESXi, hukusanya kwa vipande vya sekunde 20. Prosesa pepe 16 ukizidisha kwa milisekunde 20,000 unapata 320,000. Gawanya 38,400 kwa 320,000, ni asilimia 12. Yaani katika kila sekunde 20, kila prosesa pepe ilikuwa na kazi mkononi, iko tayari kabisa, lakini ikakaa sekunde 2.4 ikingoja kore ya kweli iachiwe. Mimi huanza kuwa na wasiwasi ikivuka asilimia 5 kwa kila prosesa. Ukiangalia kwa esxtop, zana ya vipimo ya ESXi, kumbuka kwamba %RDY pale imejumlisha prosesa zote za mashine, kwa hiyo gawanya kwa idadi yake kabla hujashtuka.

Sasa tazama chati nyingine uliyotuma, ya matumizi. Asilimia 22. Asilimia 22 ya prosesa 16 ni tatu na nusu. Umekodi viti 16, abiria ni watatu na nusu, na bado wamechelewa kuondoka. Inakuwaje?

Fikiria stendi saa ya watu wengi. Ukiwa na mwenzako mmoja, daladala ya kwanza yenye nafasi mbili mnaingia na kuondoka. Mkiwa 16 na mnataka kufika pamoja, mtaziacha nyingi zipite. ESXi haina ukali wa kutaka wote 16 wapande kwa dakika ile ile, huwaruhusu wachache watangulie. Lakini aliyebaki nyuma akibaki sana, waliotangulia husimamishwa mpaka afike. Kusimamishwa huko ndiko esxtop inakoita %CSTP, na kwenye picha yako ipo, si sifuri. Ndiyo maana ripoti ilikuwa na nafuu ulipokuwa na prosesa 4.

Kuna jambo la pili ndani ya hilo hilo. Seva mama yako ina soketi mbili, na kila soketi ina nusu ya RAM iliyo karibu nayo. Mashine ya prosesa 16 haienei kwenye soketi ya kore 10, kwa hiyo imegawanywa, na kila mara prosesa ya upande huu inafuata data iliyoko upande wa pili. Safari ni fupi sana ukiipima mara moja, lakini hifadhidata huifanya mara mamilioni. Isitoshe, umeweka tiki kwenye CPU Hot Add, ruhusa ya kuongeza prosesa mashine ikiwa imewashwa. Katika vSphere 7, tiki hiyo huificha ramani ya soketi, na Linux iliyo ndani haijui ipi RAM ya karibu na ipi ya mbali. Zima mashine, toa tiki, weka prosesa 6. Zinaenea kwenye soketi moja, zinatosha kwa tatu na nusu unazotumia, na bado kuna nafasi ya kupumua. Wiki ikipita na CPU Ready ikawa chini ya asilimia 5 huku matumizi yakigusa asilimia 80, nenda 8. Usivuke 10 kwenye seva hizo.

Najua kupunguza kunatisha. Mkuu wako alisaini ombi la kuongeza, na sasa unarudi kumwambia unapunguza. Mpelekee ile hesabu ya sekunde 2.4, anaweza kuirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Kilichonifanya nikae chini niandike jibu refu namna hii, hata hivyo, ni saa. Ulituma picha ya `timedatectl`, na mstari wa saa za eneo unasomeka Etc/UTC. Mashine nyingi za Linux zinazotoka kwenye violezo huja hivyo. Kisha kwenye picha ya cron, ratiba ya kazi za Linux, kuna mstari unaoanza na `0 3 * * *`, ule unaofuta rekodi za zamani. Aliyeuandika alitaka kazi nzito ifanyike saa tisa usiku, watu wamelala. Lakini sisi huku tuko saa tatu mbele ya UTC. Saa 03:00 ya mashine hiyo ni saa kumi na mbili kamili asubuhi Arusha.

Ripoti yako inaanza saa kumi na mbili na robo. Kwa hiyo kila siku, dakika 15 kabla ripoti haijaanza kusoma majedwali makubwa, kazi nyingine inaanza kufuta mamilioni ya mistari kwenye majedwali hayo hayo. Halafu tazama ratiba ya seva ya bakapu, ile inayofuata saa zetu: mashine hii ya ripoti ndiyo ya mwisho kwenye orodha, nayo hufikiwa karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini. Seva ya bakapu inaitengenezea snapshoti, inasoma diski yake nzima, kisha inaunganisha snapshoti ile na diski. Kazi tatu nzito, diski moja, nusu saa moja. Hata mashine mpya kabisa ingelemewa.

Usikimbilie kubadilisha saa za eneo za mashine ili kulitatua hili. Kama programu inaandika saa bila kuandika eneo lake, ukibadilisha katikati utapata pengo la saa tatu kwenye rekodi, na ripoti ya siku hiyo itasema bakapu imechukua saa tatu zaidi ya ukweli. Iache UTC, badilisha mstari wa cron. Na hapa fikiria kinyume na tulivyozoea. Seva za kawaida hupumzika usiku. Hii ni mlinzi wa zamu ya usiku: saa nne usiku bakapu zinapoanza ndipo taarifa zinapoanza kumiminika kwake, na alfajiri ndipo anapoandika ripoti. Usingizi wake ni mchana. Kwa hiyo kazi ya kufuta iweke `0 11 * * *`, ambayo kwetu ni saa nane mchana, na bakapu ya mashine yenyewe ihamishie saa kumi alasiri, baada ya ufutaji kwisha. Hospitali itakuwa na watu, ni kweli, lakini hawagusi mashine hii. Angalia tu diski za pamoja hazilemewi saa hizo. Kwenye chati zako za mchana naona zimetulia.

Mabadiliko haya hayana gharama, hayahitaji kuzima chochote, na ningeyafanya leo hii kabla ya kugusa kingine. Kesho asubuhi andika dakika zilizotumika.

Tuje kwenye snapshoti. Kwenye picha ya Snapshot Manager ipo moja inayoitwa "kabla ya upgrade", ya mwezi wa pili. Faili lake limefika GB 210. Nadhani uliiweka kwa nia njema kabla ya kupandisha toleo, upgrade ikaenda salama, ikasahaulika. VMware wenyewe hushauri snapshoti isizidi saa 72, na sababu iko kwenye namna inavyofanya kazi. Ukishaiweka, diski ya awali hufungwa isiandikwe tena, na kila badiliko huandikwa kwenye faili la pembeni. Kila PostgreSQL inapoomba ukurasa, ESXi lazima itazame kwanza kama ukurasa huo uko kwenye faili la pembeni au kwenye diski ya awali. Ikija bakapu ya kila siku inaongeza nyingine juu ya hiyo. Hifadhidata inayoandika usiku kucha ndiyo inayoumizwa zaidi na mpangilio huu. Na tafadhali, usiihesabu snapshoti kama bakapu, kwa sababu imelala kwenye diski zile zile: diski zikifa, zote mbili zimekwenda.

Nitarudi kwenye namna ya kuifuta, maana ina utaratibu wake.

Kwenye diski zenyewe, umenipa kipimo kizuri bila kujua. esxtop yako inasema DAVG, muda wa kabati la diski kujibu, ni milisekunde 6, na KAVG, muda unaopotea ndani ya ESXi, ni karibu sifuri. Yaani ombi likishatoka kwenye mashine pepe, kabati la diski linalijibu vizuri. Lakini `iostat -x` ndani ya Linux inasema await, muda wote ambao Linux inangoja jibu, ni milisekunde 41. Hizo 35 zimepotelea wapi? Sehemu kubwa imepotelea ndani ya mashine yenyewe, kwenye foleni ya kontrola kabla ombi halijatoka nje. Una diski moja ya GB 600, kila kitu kimo humo, juu ya kontrola ya LSI Logic. Mfumo, data, WAL (lile daftari ambamo PostgreSQL huandika kila badiliko kabla ya kuligusa jedwali), faili za muda za kupanga, logi za Java, vyote vinapita mlango mmoja mwembamba.

Ongeza kontrola mbili za aina ya PVSCSI. Hii VMware waliitengeneza mahsusi kwa mashine zenye kazi nyingi za diski: kwa kawaida hushika maombi 64 kwa kila diski na 254 kwa kontrola nzima, na hutumia prosesa kidogo kuliko LSI kwa kazi ile ile. Kwenye ya kwanza weka diski mpya ya data, kwenye ya pili diski ndogo ya WAL. Mashine moja inaruhusiwa kontrola nne za SCSI, kwa hiyo nafasi unayo. Diski ya mfumo iache ilipo kwenye LSI. Nimeona watu wakihamisha diski ya kuwashia mashine kwenda PVSCSI wakati Linux haijawekwa tayari kupakia kiendeshi chake mapema, mashine ikawaka na kutokuta diski. Huna faida ya kutosha ya kujiingiza humo.

Kuhamisha data ni kazi ya saa moja au mbili. Simamisha seva ya Java, kisha PostgreSQL, nakili saraka ya data kwa `rsync -a`, hakikisha saraka mpya inamilikiwa na mtumiaji postgres na ruhusa zake ni 0700, kisha ielekeze PostgreSQL kwenye njia mpya. Saraka ya zamani ibadilishe jina tu, usiifute mpaka ripoti tatu za asubuhi zitoke salama. Wakati wa kuunda diski mpya utaulizwa thin au thick. Kwa diski ya data chagua thick eager zeroed, ili kila sehemu isafishwe sasa na si siku itakapoandikwa mara ya kwanza. Kwenye makabati ya kisasa tofauti imekuwa ndogo, kwa hiyo kama nafasi ni finyu, thin haitakuua.

Sasa RAM, na hapa ndipo dakika nyingi zilipojificha. Umeipa mashine GB 32, lakini faili la `postgresql.conf` ulilonitumia halijaguswa tangu siku ya kusakinishwa. `shared_buffers`, RAM ya pamoja ya kuhifadhi kurasa za data, ni 128MB. `work_mem`, RAM inayoruhusiwa kwa kupanga matokeo, ni 4MB. Hizo ni thamani za kuanzia, zimewekwa ndogo ili PostgreSQL iweze kuwaka hata kwenye kompyuta duni. Ni sawa na kukodi ghala zima kisha mzigo ukaendelea kuupanga kwenye kapu la mlangoni.

Nilikuomba uendeshe EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha hatua na muda wa swali, kwenye lile swali la SQL linalochukua muda mrefu, ukanitumia matokeo. Soma tena mstari huu:

`Sort Method: external merge  Disk: 96480kB`

Maneno mawili ya maana ni "external" na "Disk". PostgreSQL ilitaka kupanga matokeo ya kazi za bakapu kwa tarehe na kwa seva, ikahitaji karibu MB 94, ikajikuta ina ruhusa ya MB 4. Ikaandika vipande kwenye diski, ikavisoma tena, ikaviunganisha. Na swali hilo hurudiwa kwa kila kundi la seva. Mna makundi 22. Ni zaidi ya GB 2 zinazoandikwa na kusomwa upya kwa kazi ambayo ingekwisha ndani ya RAM bila diski kusikia. Ukiirekebisha, mstari huo utabadilika na kusema `quicksort  Memory`. Huo ndio ushahidi unaoutafuta.

Lakini usiipandishe `work_mem` kwa seva nzima. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nafanya kazi, niliiweka GB 1 kwa kila mtu kwa sababu ripoti moja ilipata nafuu kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi watu wakaendesha ripoti kwa pamoja, RAM ikaisha, Linux ikaiua PostgreSQL katikati ya kazi. Tulikaa saa nzima tukisubiri ijirekebishe, na nilijifunza kwa uchungu kwamba thamani hiyo haihesabiwi kwa seva wala kwa mtumiaji. Inahesabiwa kwa kila hatua ya kupanga au ya hash, ndani ya kila mchakato unaosaidia. Swali moja lenye hatua tatu na michakato mitatu linaweza kuchukua mara tisa. Kuanzia toleo la 15, hatua za hash huruhusiwa hata mara mbili ya thamani yenyewe.

Hesabu ya mashine yako iwe hivi. `shared_buffers` 8GB, robo ya RAM, na hii inataka kuiwasha upya PostgreSQL. Java mpe GB 6, Xms na Xmx (RAM yake ya kuanzia na ya juu kabisa) ziwe sawa ili isibadilike umbo katikati ya usiku. Hapo zimebaki GB 18 kwa Linux, kwa kupanga, na kwa kache ya mafaili, ambayo PostgreSQL inaitegemea sana. `effective_cache_size` iwe 16GB. Hii haichukui RAM yoyote, ni taarifa tu kwa mpangaji wa maswali. Kisha `work_mem` iongeze kwa yule mtumiaji wa ripoti peke yake:

`ALTER ROLE ripoti SET work_mem = '256MB';`

Weka jina la mtumiaji wenu mahali pa "ripoti". Mara tisa ya 256MB ni kama GB 2.3. Kwa kuwa ripoti zenu za asubuhi hazizidi nne kwa pamoja, ni karibu GB 9 hali ikiwa mbaya. Unaimudu. Weka pia `log_temp_files = 0`, ili kila faili la muda linaloandikwa diski liingie kwenye logi na ukubwa wake. Baada ya siku mbili logi itakuonyesha swali gani bado linamwagika.

Kabla ya hayo, wasiliana na waliowauzia programu. Baadhi ya programu za ripoti za bakapu huja na PostgreSQL yake ndani na hutaka mipangilio ibadilishwe kwa zana zao; ukiibadilisha kwa mkono, upgrade inayofuata huirudisha kama ilivyokuwa.

Na RAM yote hii iwekee reservation kamili kwenye vCenter, yaani itengwe isichukuliwe na mashine nyingine. Sababu ni Java. Seva mama ikibanwa, ESXi huingiza puto ndani ya mashine ili kuirudisha RAM kwa wengine, na ikizidiwa zaidi huanza kuandika RAM ya mashine kwenye diski. Programu nyingine huvumilia, kwa kuwa kuna kurasa hazijaguswa siku nzima. Mzoa taka wa Java, yule anayesafisha RAM isiyotumika tena, hajui kurasa za kupumzika. Akipita hutembea eneo lake lote, na kila ukurasa uliopelekwa diski lazima urudishwe. Chati yako ya Balloon ilipanda hadi GB 5 saa kumi na moja alfajiri, wakati bakapu zinamalizia. Kwenye seva yenye GB 256, kuitengea mashine hii 32 si upendeleo wa ajabu.

Jambo moja la ndani ya hifadhidata siwezi kuliacha. Jedwali lenu la kazi za bakapu lina mistari milioni 90, na kila siku mnafuta ya zamani. PostgreSQL haiondoi mstari uliofutwa papo hapo, huuacha kama kaburi mpaka autovacuum, msafishaji wake wa kiotomatiki, ipite. Kwa mpangilio wa kawaida autovacuum hungoja makaburi yafike asilimia 20 ya jedwali. Kwenu ni milioni 18. Ripoti inapita juu ya makaburi hayo yote ikitafuta walio hai. Kwa jedwali hilo moja tu weka `autovacuum_vacuum_scale_factor` 0.02, na mwishoni mwa kazi ya kufuta ongeza amri ya ANALYZE, inayokusanya takwimu za jedwali, ili mpangaji awe na picha ya jedwali lilivyo leo.

Mengine ni ya kupita haraka. Kadi ya mtandao iwe VMXNET3 kama bado ni E1000, ingawa mtandao si ugonjwa wako. Sera ya umeme ya ESXi ikiwa Balanced, ipeleke High Performance, na BIOS iache ESXi iamue. Kama kabati lenu ni la SSD tupu, `random_page_cost` ishushe kutoka 4 hadi 1.1, faharasa zitatumika zaidi. Na kwa kuwa tangu Broadcom wanunue VMware mwezi Novemba 2023 wengi wananiuliza kuhusu Proxmox, mfumo mwingine wa mashine pepe: mawazo ni yale yale, majina tu ndiyo tofauti. Kontrola iwe VirtIO SCSI single na IO thread imewashwa, aina ya prosesa iwe host kama seva zote za klasta zinafanana, na puto lizimwe kwa mashine hii.

Usifanye haya yote siku moja, hutajua kipi kilisaidia. Leo badilisha saa za cron na za bakapu. Kesho kutwa, kama ripoti mbili zimetoka salama, rekebisha `work_mem` ya mtumiaji wa ripoti, haihitaji kuzima kitu. Vinavyotaka mashine au PostgreSQL izimwe, yaani prosesa, Hot Add, kontrola na diski mpya, viweke Jumamosi mchana. Lakini Jumamosi hiyo snapshoti itangulie, kwa kuwa hutaki kuhamisha data wakati GB 210 zimening'inia pembeni.

Anza kwa kuhakikisha una bakapu ya kweli: `pg_dump` iliyoandikwa nje ya mashine hiyo, na ujaribu kuirejesha mahali pengine, walau jedwali moja. Angalia datastoo, hifadhi inayobeba diski za mashine pepe, ina nafasi ya kutosha. Zima ratiba ya bakapu ya mashine hiyo kwa siku hiyo, isije ikaanzisha snapshoti nyingine juu. Simamisha Java na PostgreSQL ili pasiandikwe kipya. Kisha bonyeza Delete All. Itatembea upesi mpaka asilimia kadhaa, itapungua mwendo, na kuna wakati itasimama kwenye 99 kwa muda mrefu hata ukadhani imekufa. Haijakufa, bado inaandika. Fungua chati ya diski ya datastoo, utaiona inaandika. Usiikatishe, usiwashe upya seva mama, wala usimruhusu mtu mwingine aguse. Kaa nayo mpaka iseme imemaliza, hata ikiwa ni saa moja jioni, ndipo uzime mashine na uanze na prosesa.